Honda CB350 ya 1971 imekaa miaka mingi, injini imekwama: nianzie wapi kabla ya kuifanya kafe resa?

MshikaSpana

Wakuu habari za leo. Nina Honda CB350 ya mwaka 1971, ile ya silinda mbili. Imekaa ndani bila kuwashwa kwa miaka mingi na sasa nataka kuifufua.

Hali yake: kiki haishuki hata ikiwa nyutro, kwa hiyo nadhani pistoni zimeshika. Tangi lina kutu ndani na petroli ya zamani imegeuka gundi, ila nje halijatoboka. Kabureta zote mbili za Keihin zipo, na boksi la hewa lipo na mipira yake. Waya ni za asili lakini kuna sehemu zimekatwa na kuungwa kwa tepu. Breki zote mbili ni za dramu. Tairi zimepasukapasuka ubavuni.

Mpango wangu ni kuifanya kafe resa: hendeli za chini zinazobana kwenye shokapu za mbele, siti fupi, kukata mkia wa fremu, kutoa boksi la hewa na kuweka filta za koni, na kufupisha ekzosi. Kazi nafanyia gereji ya nyumbani. Nina spana za kawaida, grenda, mashine ndogo ya kuchomelea, maltimita na chaja ya betri.

Naomba kujua: injini iliyokwama naikwamua vipi bila kuvunja kitu? Tangi nisafishe kwa nini? Fremu nikate sasa hivi au baadaye? Na hizo filta za koni kila ninapouliza naambiwa zinasumbua, ila sijapata anayeeleza kwa nini. Asanteni.

FundiPlatini

Karibu mkuu. Hiyo ni injini nzuri sana: cc 325, pistoni ya mm 64, mwendo wa mm 50.6, kemshafti (shafti inayofungua vali) moja juu. Inapenda kuzungushwa na inavumilia mengi, isipokuwa kukosa oili kwenye hedi. Kemshafti yake haijakaa kwenye beringi. Inazunguka moja kwa moja kwenye alumini ya vifuniko vya pembeni. Oili isipofika pale, alumini inalika na huwezi kubadilisha beringi kwa sababu beringi hakuna. Kila ninachoeleza hapa chini kinalinda sehemu hiyo.

Kabla ya kugusa chochote, tafuta bisibisi za JIS (za vipimo vya Kijapani). Skrubu za pikipiki za Kijapani za miaka ile zinaonekana kama skrubu za msalaba za kawaida, lakini umbo la mfereji ni tofauti. Bisibisi ya kawaida ya msalaba haizami hadi chini, inapanda na kula kichwa. Kwa zile za vifuniko vya injini ambazo zimegandana na alumini, tumia bisibisi ya kugonga kwa nyundo. Pigo lenyewe ndilo linalovunja kutu kwenye nyuzi, halafu skrubu inalegea kirahisi. Ukizirudisha weka za alen na grisi ya shaba kidogo kwenye nyuzi. Za M6 kwenye alumini zinahitaji Nm 8 hadi 10 tu. Wengi wanazikaza kwa nguvu ya bega na nyuzi zinatoka pamoja na skrubu.

Sasa kukwamua. Toa plagi zote mbili, mulika ndani kwa tochi uone kama kuna maji au kutu. Changanya ATF (oili ya giaboksi za otomatiki) na asetoni nusu kwa nusu, tikisa sana kwa sababu hazipendani, kisha mimina mililita 30 hivi kila silinda. Asetoni inapenya, ATF inabaki kulainisha. Weka kitambaa kwenye matundu ya plagi na uiache siku kadhaa, ukiongeza kila inapopungua. Asetoni inashika moto upesi na inakula rangi, kwa hiyo fungua mlango wa gereji na usiwe na kitu chenye cheche karibu.

Usiruke juu ya kiki. Meno ya kiki yako ndani ya boksi la injini, ukiyavunja unafungua injini nzima kutoa vipande. Usiburute pikipiki kwa gari pia. Weka gia ya juu kabisa, plagi zikiwa nje, halafu sukuma pikipiki mbele na nyuma kidogo kidogo kwa mikono. Kwenye gia ya tano gurudumu linapeleka nguvu ya upole kwenye krenki. Njia nyingine ni kufungua kifuniko cha kushoto na kuweka spana kwenye bolti ya rota, lakini kumbuka: ukivuta kinyume cha saa kwa nguvu, bolti inafunguka na krenki inabaki pale pale. Tikisa pande zote mbili, milimita kwa milimita. Ikisogea hata kidogo, acha, ongeza mchanganyiko, rudi baadaye. Anayelazimisha izunguke mzunguko mzima siku ya kwanza anakwangua silinda kwa kutu iliyokuwa juu ya pistoni.

Ikianza kuzunguka, usiiwashe. Mwaga oili yote ya zamani, maana mchanganyiko umeshachuja chini. Fungua kifuniko cha kulia, toa kikombe cha filta ya oili. Injini hii haina filta ya karatasi; ina kikombe kinachozunguka pamoja na krenki na kutupa uchafu ukutani kwa nguvu ya mzunguko. Utakuta tope gumu la kijivu, likwangue lote. Safisha na chujio la pampu chini. Weka oili mpya lita 2. Fungua vifuniko vya tapeti, mimina oili juu ya kemshafti na roka (mikono inayosukuma vali). Kisha, plagi zikiwa bado nje, piga kiki taratibu mpaka uone oili inafika juu yenyewe. Hapo ndipo unapoweza kufikiria moto.

Jambo la silikoni: ukifunga hedi au vifuniko, usipake silikoni nene. Inayobaki ndani inakatika vipande na kuziba njia nyembamba za oili zinazopanda kwenye hedi. Kemshafti nyingi za CB350 zimekufa kwa sababu hiyo, na mwenye pikipiki anailaumu pampu.

Kutu_Sifuri

Nichangie upande wa tangi.

Kwanza mwaga gundi yote. Petroli iliyooza inayeyuka kwa asetoni au thina. Weka lita moja, ziba, tikisa, mwaga, rudia mpaka inatoka safi. Asidi haipiti kwenye gundi, kwa hiyo ukiruka hatua hii utalaumu siki bure. Baada ya hapo osha kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo.

Kutu jepesi: jaza siki nyeupe ya asilimia 5 mpaka mdomoni, bila kuongeza maji, uiache saa 24 hadi 48. Au asidi ya sitriki gramu 50 hadi 100 kwa kila lita ya maji ya uvuguvugu, inafanya kazi haraka zaidi. Toa koki ya mafuta kwanza na uzibe tundu kwa mpira, kwa sababu koki ni aloi na asidi itaila. Lijaze kabisa, usiache nusu. Pale maji yanapokutana na hewa ndipo kutu jipya linapojichora mstari. Tupia mnyororo mwembamba au nati chache ndani na kutikisa kama kuna maganda, lakini zihesabu zinapoingia na zinapotoka.

Wakati wa kumwaga asidi ndio watu wengi wanaharibu kazi. Chuma kilichosafishwa kinapata kutu la rangi ya chungwa ndani ya dakika chache. Kwa hiyo andaa kila kitu kabla: maji yenye bekingi soda (vijiko 4 vya mezani kwa lita 5) ya kuua asidi, maji safi ya kusuuza, kisha spiriti ya methili nusu lita ya kuvuta maji yaliyobaki, kisha hewa ya moto ya draya au kipulizo. Likikauka zungusha ndani petroli kidogo iliyochanganywa na oili ya 2T. Likikaa bila kutumika, mafuta hayo yanalilinda.

Kuhusu dawa za kupaka ndani ya tangi: tangi lisilovuja usilipake. Dawa ikibandikwa juu ya kutu au unyevu inaachia ngozi baada ya muda, na ngozi zinaishia kwenye kabureta. Na ukikuta kitundu, usichomelee mwenyewe. Tangi "tupu" lina mvuke wa petroli hata baada ya kuoshwa, na mvuke huo unalipuka.

WayaMoja

Siki ni nzuri, ila kwa kutu nene umeme unashinda. Mkuu amesema ana chaja ya betri, basi vifaa anavyo. Magadi ya kufulia kijiko kimoja cha mezani kwa kila lita 4 za maji. Waya hasi wa chaja kwenye tangi, waya chanya kwenye kipande cha chuma cha kawaida kinachoning'inia ndani bila kugusa tangi popote. Ampia 2 hadi 5 zinatosha, uache usiku mzima. Kutu inalegea kuwa tope jeusi na chuma kizima hakipungui, tofauti na asidi ambayo ukiisahau inaendelea kula.

Mambo mawili ya usalama, na naomba yasichukuliwe kirahisi. Chuma cha upande chanya kisiwe cha pua. Chuma cha pua kina kromiamu, na ukikitumia hapo maji yanageuka ya njano yenye sumu ambayo huwezi kuyamwaga popote. Pili, tangi linatoa hidrojeni. Fanyia nje, na zima chaja kwenye soketi kabla ya kugusa klipu, vinginevyo cheche moja mdomoni mwa tangi inatosha.

Udhaifu wake ni kwamba umeme unafanya kazi pale chuma chanya kinapoona. Pembe za juu na nyuma ya handaki la katikati ya tangi hazifikiwi, itabidi usogeze kile chuma au umalizie kwa sitriki. Kwa hiyo mimi na Kutu_Sifuri hatupingani sana.

SindanoNaBoya

Nilisubiri swali la filta za koni. Nitaeleza kwa urefu kwa sababu hapa ndipo miradi mingi ya kafe resa inapofia.

Kabureta za CB350 ni za utupu. Unapovuta eksileta hufungui slaidi. Unafungua kipepeo tu. Slaidi inapanda yenyewe kwa sababu juu ya kiwambo cha mpira kuna utupu unaotoka kooni mwa kabureta kupitia tundu lililo chini ya slaidi, na chini ya kiwambo kuna hewa ya kawaida inayotoka mdomoni upande wa filta. Tofauti ya shinikizo kati ya juu na chini ndiyo inayonyanyua slaidi. Ukiivuruga, slaidi haipandi au inatetemeka katikati.

Filta ya koni inavuruga kwa njia tatu. Shingo yake ya mpira ina ukingo wa ndani ambao kwenye filta nyingi unafunika vile vitundu vya hewa vilivyo mdomoni mwa kabureta: kimoja kinalisha upande wa chini wa kiwambo, vingine vinalisha jeti. Pili, boksi la hewa lina hewa iliyotulia. Koni iliyo wazi inapata upepo wa ubavuni ukiwa barabarani, na slaidi inacheza. Tatu, hewa inaingia kwa urahisi zaidi, utupu kooni unapungua, petroli inayovutwa inapungua. Mchanganyiko unakuwa mkavu, yaani hewa nyingi na petroli kidogo. Matokeo yake unayajua: sailensa (injini ikizunguka bila kuvuta eksileta) inakaa vizuri, ukivuta robo hadi nusu inakohoa na kufa, ukifika juu inapata nguvu ghafla. Huko juu ikiwa kavu, pistoni inapata joto mpaka inashika tena.

Ushauri wangu ni wazi: baki na boksi la hewa. Boksi la CB350 limegawanyika kila upande na linafichika nyuma ya vifuniko. Ukilitoa unapata nafasi wazi chini ya siti na hupati nguvu ya maana. Kama moyo umeshaamua koni, basi fuata utaratibu, si kubahatisha.

Anza na pikipiki inayotembea vizuri ikiwa na boksi lake. Bila msingi huo hutajua kama kasoro ni ya koni au ni ya kabureta chafu. Chagua koni zenye shingo ndefu, kata ukingo wa ndani kwa kisu mpaka vitundu vyote vionekane. Kisha jeti. Keihin wanaandika namba kwa sehemu za mia za milimita, yaani jeti 105 ina tundu la mm 1.05, kwa hiyo unajua hasa unachobadilisha. Panda hatua mbili kwenye jeti kubwa, hatua moja kwenye jeti ya mwendo mdogo. Sindano ya hizi haina vijifereji vya klipu vya kuishusha na kuipandisha, kwa hiyo inainuliwa kwa wosha ndogo ya mm 0.5 chini ya kichwa chake. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja.

Kusoma plagi: weka plagi mpya za B8ES, mwanya mm 0.7. Endesha kwa eksileta iliyoganda kwenye nafasi unayopima, kisha zima swichi na kukamata klachi kwa pamoja, simama, toa plagi. Ukiiacha injini ikae sailensa hadi nyumbani, unasoma sailensa. Nyeupe kama chaki yenye vidoti ni kavu, nyeusi yenye masizi makavu ni tajiri (petroli nyingi), kahawia hafifu chini ya kauri ndiyo unayotaka.

Usafishaji wenyewe: toa viwambo na mipira yote kabla ya kupuliza dawa yoyote ya kabureta. Dawa inavimbisha kiwambo na hakirudi kipenyo chake. Jeti ya mwendo mdogo huziba kwanza, ina tundu jembamba kuliko sindano ya kushonea. Pitisha uzi mmoja wa waya wa shaba, usitumie chuma. Halafu hakikisha dawa ukiipuliza kwenye njia hiyo inatoka kwenye vitundu vidogo vilivyo karibu na kipepeo; jeti ikiwa safi na njia imeziba, hujafanya kitu. Skrubu ya mchanganyiko ipeleke ndani kwa vidole mpaka iguse tu, kisha rudisha zamu moja. Ukiibana, ncha yake inakatika ndani ya tundu na bodi inakuwa ya kutupa.

Ekzosi nayo: ukiifupisha bila kizuia sauti unakausha mchanganyiko tena na unapoteza nguvu ya katikati, kwa sababu urefu wa bomba ndio unaorudisha wimbi la shinikizo kwenye vali kwa wakati wake. Kama unabadilisha filta na ekzosi, maliza moja kwanza.

MshikaSpana

Nashukuru sana wakuu. Marejesho: injini imezunguka kwa mchanganyiko wa ATF, kwa njia ya gia ya tano. Oili imebadilishwa, kikombe kimesafishwa (kilikuwa kimejaa kweli), oili inafika juu. Tangi nimetumia sitriki na sasa ni safi.

Nimepima kompresheni nikiwa nimefungua eksileta yote. Kulia psi 115, kushoto psi 70. Na cheche: kulia ya bluu, kushoto ya rangi ya chungwa na dhaifu. Je, nifungue hedi?

FundiPlatini

Usifungue bado. Kipimo chenyewe bado hakijakaa sawa.

Ulipima kabureta zikiwa zimefungwa? Rudi kwenye maelezo ya SindanoNaBoya: ukivuta eksileta umefungua kipepeo, slaidi bado iko chini. Kwa mwendo wa kiki utupu hautoshi kuinyanyua hadi juu, silinda inakosa hewa, na geji inasoma chini pande zote mbili. Toa kabureta kabisa, pima tena. Kabla ya hapo weka tapeti sawa, injini ikiwa baridi: vali ya kuingiza mm 0.05, ya kutoa mm 0.10. Mianya hiyo ni midogo mno, na vali ikibaki wazi kidogo tu kompresheni inakimbia. Kwenye CB350 hakuna skrubu ya tapeti. Shafti ya roka yenyewe imepinda katikati, unalegeza nati ya nje na kuizungusha kwa bisibisi. Hakikisha silinda unayorekebisha iko kileleni mwa mgandamizo, vali zote mbili zimefunga na roka zinacheza. Krenki hii ni ya digrii 180, kwa hiyo pistoni moja ikiwa juu nyingine iko chini. Usirekebishe zote kwa alama moja ya rota. (Ndiyo sababu pia mlio wake hauna mpigo wa sawasawa. Usije ukadhani ni kasoro.)

Ukishafanya hayo, injini nzima inatakiwa kusoma psi 150 kwenda juu, kitabu kinataja karibu 170. Muhimu zaidi ni tofauti ya pande mbili isizidi asilimia 10 hadi 15. Kama kushoto bado iko chini, mimina kijiko cha chai cha oili (mililita 5) kupitia tundu la plagi na upime tena. Ikipanda sana, ringi zimeganda kwenye mifereji yake; hizo mara nyingi zinajiachia zenyewe injini ikishatembea kwa joto, zipe nafasi. Isipopanda, ni vali. Hapo puliza hewa ya kompresa kupitia tundu la plagi pistoni ikiwa kileleni, sikiliza: hewa ikitoka kwa kabureta ni vali ya kuingiza, kwenye ekzosi ni ya kutoa, kwenye bomba la pumzi la injini ni ringi. Weka mtu ashike breki ya nyuma na gia ya tano, maana hewa itasukuma pistoni chini.

Vali iliyokaa wazi miaka yote hiyo inapata kutu kwenye kiti chake. Ikithibitika ni hiyo, ndipo hedi inafunguliwa na vali kusagwa kwa dawa ya kusagia.

WayaMoja

Kuhusu cheche ya kushoto. CB350 ina koili mbili, platini mbili (swichi ndogo zinazokata umeme wa koili ili cheche itoke) na kondensa, kila silinda na mfumo wake, na hilo linakurahisishia. Badilisha waya za koili: platini ya kushoto iende koili ya kulia, na kinyume chake. Ubovu ukibaki kwenye plagi ile ile, koili au kofia ya plagi ndiyo yenye shida. Ukihamia plagi ya pili, tatizo liko kwenye platini au kondensa.

Kofia za plagi pima kwa maltimita. Zenye rezista zinatakiwa kusoma karibu kilo-ohmu 5; za zamani utakuta 20, 30, au hakuna njia kabisa. Zinafunguka kwa kuzungushwa kama skrubu. Kata mm 5 ya waya uliochakaa kisha zungushia kofia mpya. Usikate zaidi, kwa sababu waya umezama ndani ya koili na hauongezwi.

Platini zilizokaa zina utando wa kijivu. Pitisha msasa wa 600, kisha kadi safi iliyoloweshwa spiriti mpaka isitoke na weusi. Mwanya mm 0.3 hadi 0.4 zikiwa zimefunguka kabisa. Kama unaona cheche kubwa kati ya platini zenyewe wakati injini inazunguka, kondensa imekufa. Taimingi weka kwa balbu ya volti 12 kati ya waya wa platini na bodi (chuma cha injini, upande hasi): inawaka pale platini inapofunguka, na inatakiwa kuwaka kwenye alama ya F (ya cheche) ya silinda husika. Anza na platini iliyofungwa moja kwa moja kwenye bamba kubwa, kisha ile yenye bamba lake dogo. Ukigeuza mpangilio huo utazungusha bamba kubwa baadaye na kuharibu ile uliyoiweka kwanza.

Sasa sababu ambayo watu hawaitafuti: volti zinazofika kwenye koili. Swichi ya ufunguo ikiwa imewashwa na platini zimefunga, pima betri, kisha pima waya wa kuingia kwenye koili. Tofauti ikizidi volti 0.5, zinapotea njiani: swichi ya ufunguo, swichi ya kuzimia kwenye hendeli, na zile soketi zenye ukungu wa kijani. Hizo sehemu zilizounganishwa kwa tepu zifungue zote, ziunganishe kwa risasi ya kulehemu au klipu za kubana na bomba la kusinyaa kwa joto. Ongeza waya wa bodi wa mm² 4 kutoka injini hadi fremu hadi hasi ya betri. Ukishapaka fremu rangi mpya, bodi ya asili iliyotegemea bolti inakufa, na taa zinaanza kupendekeza magonjwa ambayo hayapo.

Ukitaka betri ndogo ya lithiamu ili ikae kwenye siti fupi, badilisha kwanza rektifaya na regyuleta za zamani kwa kifaa kimoja cha kisasa. Lithiamu haitakiwi kuvuka volti 14.6, na mfumo wa asili haudhibiti vizuri hivyo. Pima ikiwa rpm 4,000 au 5,000, si sailensa.

ChumaNaMoto

Mimi nijibu la fremu. Usikate sasa. Funga pikipiki nzima bila rangi kwanza: injini, gurudumu, shokapu za nyuma, siti unayoitaka. Toa springi kwenye shokapu za nyuma, nyanyua gurudumu mpaka shokapu ziguse mwisho wake, kisha pima nafasi kati ya tairi na pale utakapoweka kitanzi kipya. Acha mm 25 angalau. Watu wanapima pikipiki ikiwa imesimama kwenye stendi, halafu shimo la kwanza tairi inakula siti.

Mipaka: usikate mbele ya mishikio ya shokapu, na usiguse kabisa pale steringi inapokaa. Bomba la kitanzi liwe na kipenyo na unene uleule wa ukuta kama fremu, pima kwa vernia. Kwenye kila kiungo ingiza kipande cha ndani cha mm 50, nusu kila upande, toboa tundu la mm 8 kila upande na kuyajaza kwa kuchomelea, kisha zungusha mshono kwenye mwanya wa mm 2 hadi 3. Usiusage mshono mpaka ulingane na bomba. Unachokisaga ndicho kinachobeba. Kabla ya kuwasha mashine toa betri, chomoa rektifaya, na klipu ya ardhi iweke karibu na unapochomelea. Mkondo ukipita kwenye beringi unaziacha na vidonda.

Hendeli za chini zina kazi nyingine ambayo haionekani kwenye picha. Zikifungwa, geuza steringi mpaka mwisho kushoto na kulia: kidole gumba kisibanwe na tangi, kebo zisivutike. Injini ikiwa sailensa geuza tena. Mzunguko ukipanda, kebo ya eksileta ni fupi au imepinda vibaya. Ukiwa umefungua huko, badilisha golori za steringi kwa beringi za koni. Golori zikishachimba vidonda, pikipiki inajishika katikati.

MshikaSpana

Bila kabureta na tapeti zikiwa sawa: kulia 160, kushoto 135, na kushoto ikapanda hadi 158 kwa kijiko cha oili. Nitaziacha ringi zijiachie. Cheche ya kushoto ilikuwa kofia ya plagi, inasoma kilo-ohmu 41. Boksi la hewa linabaki. Swali la mwisho: breki ya mbele ya dramu inatosha kweli, au nitafute diski?

ChumaNaMoto

Kwa uzito wa pikipiki hii inatosha, ikiwekwa sawa. Dramu ya mbele ya CB350 ina viatu viwili vinavyoongoza, kila kimoja na kemu yake, vikiunganishwa na fimbo ya nje. Tatizo karibu kila mara ni fimbo hiyo: ikiwa ndefu au fupi kidogo, kiatu kimoja tu ndicho kinachobana.

Vumbi la zamani usilipulize kwa hewa. Bitana za miaka ile zilikuwa na asbesto, loanisha kwa maji na sabuni, futa kwa kitambaa, tupa kitambaa. Angalia kipenyo cha mwisho kilichoandikwa ndani ya dramu, pima. Kisha toa pini ya fimbo, zungusha gurudumu likiwa juu, na kwa mkono bana kemu ya kwanza mpaka usikie kiatu kinagusa. Ishike hapo. Bana ya pili mpaka iguse. Sasa rekebisha urefu wa fimbo mpaka pini iingie yenyewe bila kusukuma mkono wowote, na kaza nati yake. Mwisho weka kebo ili breki ikiwa imebana, kebo na mkono wa kemu vifanye pembe ya digrii 90. Ikizidi hapo unapoteza nguvu ya mkono bure. Ekseli ikaze wakati mtu amekamata breki, ili bamba la viatu likae katikati ya dramu.

Na tairi, hizo zilizopasuka zisibaki hata za kusukumia. Mpya zikija, 3.00-18 mbele na 3.50-18 nyuma, soma tarakimu nne za mwisho za DOT ubavuni: mbili za wiki, mbili za mwaka. Badilisha tyubu na utepe wa rimu pamoja nazo.